Pigo Fupi Katikati ya Miba

Kisu cha kukatia mkonge ni kifupi, na mkono wa mkataji nao unatakiwa uwe mfupi. Simaanishi mkono wa kuzaliwa. Namaanisha safari ya mkono kutoka kifuani mpaka kwenye jani. Ncha ya kila jani la mkonge ni sindano nyeusi, ngumu kama msumari, na mistari hupandwa miwili miwili, karibu karibu, hivyo ukiingia katikati yake miba iko mbele, nyuma na kandokando. Ukiupeleka mkono nyuma kwa mbwembwe kama mtu anayepasua gogo, kiwiko kinakutana na mwiba. Nimewaona watu wazima wakilia machozi. Nimewajua wawili waliopoteza jicho.

Hayo mwili wangu uliyajua miaka kabla ya kichwa changu. Naandika jinsi yalivyopanda kutoka mwilini mpaka kichwani, kwa sababu ndiyo yaliyonitoa shambani na kunitia karakana. Mimi shule nilifika darasa la pili tu, sioni haya kusema. Waliofika la kumi na mbili huniletea malori yao hapa Mikumi niwatengenezee, na husimama pembeni kimya nikifanya kazi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, katani ikiwa na bei. Shamba letu lilikuwa upande wa Kilosa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni. Baba yangu aliletwa hapo kama manamba kutoka mbali, akafia hapo, nami nikashika kisu chake. Nilikuwa kijana mwenye kifua kama mlango. Nilikuwa nimeoa karibuni, binti wa watu wenye mashamba yao Mabwerebwere, na nikamleta kambini, chumba kimoja cha udongo na makuti, ukuta mmoja na jirani. Mke wangu hakuwa mtu wa kulalamika kila siku. Alilalamika mara moja tu, vizuri.

"Kwa baba yangu nililala chumba changu," alisema. "Hapa jirani akikohoa, mimi ndiye naambiwa pole. Zile nyumba za bati za watu wa karakana, hupewa nani?"

"Watu wa karakana."

"Basi kawe mtu wa karakana."

Kama ni kwenda kuchota maji vile! Lakini maneno yale yalinikaa.

Sasa ikatokea kwamba kiwandani, pale tulipopaita korona, mahali pa mashine ya kuchuna majani yatoke singa, yaani nyuzi, alikuja fundi Mzungu kufunga injini mpya. Hakuwa Mwingereza. Alitoka Amerika, na alilisema hilo kabla hujamuuliza. Wazungu wenzake hawakumtaka sana mezani kwao. Jioni alikaa peke yake kwenye ngazi ya nyumba yake, akirusha mpira juu na kuudaka, kurusha na kudaka, mpaka tukamhurumia. Siku moja alitoka na rungu refu la mti laini, akatuita wakataji tuliokuwa tunapita, akatupanga uwanjani mbele ya korona. Ndivyo ulivyoanza kwetu mchezo tuliouita mpira wa rungu.

Mchezo wenyewe ni huu. Mmoja anarusha mpira, wewe unasimama na rungu unaupiga. Ukiupata, unakimbia kuzunguka magunia manne yaliyolazwa chini, unaweza kusimama salama juu ya gunia ukingoja mwenzako apige, na ukirudi pale ulipoanzia bila kuguswa na mpira, timu yako imepata moja. Ukikosa mara tatu, kaa chini. Basi.

Baada ya miezi kadhaa msaidizi wa fundi karakana alirudi kwao, fundi akabaki peke yake. Meneja akataka kumletea karani. Fundi akakataa. Akatuambia mbele ya wote, kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja:

"Mimi nataka mtu moja kwa karakana. Natafuta hapa, kwa mpira. Mtu ya macho na mikono. Jumapili ile tunakwenda Kilosa kucheza na watu ya reli. Baada ya Kilosa, mimi nasema nani."

Zilikuwa zimebaki Jumapili nne. Na mimi, niliyekuwa na kifua kama mlango, nilikuwa sijaugusa mpira hata mara moja.

Sikudanganyi. Nilikuwa nikisimama pale, nalishika rungu kwenye kitako kabisa, nalipeleka nyuma mpaka linaugusa mgongo, kisha nalizungusha kwa nguvu zangu zote. Upepo ulisikika. Mpira ulikuwa umeshapita zamani, uko mikononi mwa mdakaji. Mara nyingine nguvu zangu mwenyewe ziliniangusha. Wanawake waliokuwa wakianika singa uwanja wa pili waliacha kazi ili waje kunitazama.

Aliyenitesa zaidi ni mtani wangu. Kabila lake na langu yana utani wa tangu mababu, kwa hiyo aliruhusiwa kunitukana mimi, ukoo wangu na chungu cha mama yangu, na mimi nisikasirike. Alikuwa mtu mfupi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mguu mmoja umepinda kidogo. Na yeye ndiye aliyekuwa akiupiga mpira ule kuliko wote. Hakutoa jasho. Rungu lilikuwa begani, mara unasikia *ko!*, mpira uko kwenye mkonge.

"Shikamoo mtani," nilimwamkia Jumatatu ile, maana umri ni umri.

"Marahaba, mpasua kuni. Jana umepasua mizigo mingapi?"

"Cheka tu."

"Sicheki, nauliza. Mke wangu anataka kuni, nami nimeona hewa yote ya Kilosa umeichanachana."

Fundi akaniweka kuokota mipira inayoingia mkongeni. Fikiria hilo. Mkataji aliyekuwa akimaliza ngwe yake kabla ya wengi, anaokota mipira kwenye miba kama kuku anayedonoa. Mtu mwingine angeacha. Mimi sikuacha, na si kwa sababu ya uvumilivu. Kitu kilikuwa kinanikereketa. Nilitaka kujua kwa nini. Mtani wangu nilikuwa namwinua kwa mkono mmoja. Nguvu hana, urefu hana, mguu umepinda. Sasa kasi anaitoa wapi?

Kule pembeni ya mkonge nilikuwa naona kitu ambacho waliosimama uwanjani hawakukiona. Nilimwona mtani kwa ubavu. Mrushaji alipoinua mkono, mimi ningekuwa nimeshaanza kulipeleka rungu nyuma. Yeye hakufanya kitu. Mpira ukaja, yeye bado. Ukazidi kukaribia, nikasema moyoni huyu leo amelala. Ndipo nyonga ikageuka, kidogo tu, kama mlango unaofunguliwa na paka, na mikono ikaifuata ikipita karibu na kifua. Kitako cha rungu kilitangulia kuelekea mpira, na kichwa chake kikaja mwisho, ghafla, kama mkia wa mjusi.

Nikaelewa jambo la kwanza. Mpira unakuja kwa reli, moja kwa moja. Mimi nilikuwa nakwenda kuulaki kwa njia ya kuzunguka mlima: nyuma kwanza, halafu pembeni, halafu mbele. Kwa kuwa njia yangu ni ndefu, lazima niondoke mapema. Na anayeondoka mapema anaondoka hajajua mpira unakwenda wapi. Yule njia yake ni fupi, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kukaa akatazama. Alikuwa anapiga kitu alichokiona. Mimi nilikuwa napiga nilichokibahatisha.

Lakini kujua na kuweza ni watu wawili wasiosalimiana. Jumapili iliyofuata nikajaribu kufupisha, mikono ikanikatalia. Ikarudi nyuma yenyewe. Nikakosa mara tatu, nikakaa chini.

Nikamfuata mtani kwake, nikamkuta anamenya muhogo.

"Nifundishe," nikasema.

"Nikufundishe nini? Kuona?"

"Kupiga."

Akanitazama, akautazama ugoko wangu uliojaa makovu ya miba. "Wewe asubuhi unakata mkonge kwa mkono gani?"

"Huu."

"Unaupeleka nyuma?"

"Nikaupeleke nyuma wapi, nichomwe?"

"Sasa kwenye mpira nani kakwambia uupeleke nyuma? Wewe ukipewa kisu una akili, ukipewa rungu unageuka mpasua kuni. Umeona mti mnene mikononi, ukadhani ni shoka." Akaendelea kumenya. "Jogoo wako yule mwekundu ni wangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mtani wangu nami nimemtamani. Halafu kesho ukimaliza ngwe, lete lile rungu shambani."

Kuhusu jogoo sikuwa na la kusema. Utani ni utani. Mke wangu ndiye aliyekuwa na la kusema, na alilisema kwa siku mbili.

Kesho yake mtani aliniingiza katikati ya mistari miwili ya mkonge mkubwa, uliokomaa, akanisimamisha mahali ambapo mkataji husimama. Yeye akakaa mbele yangu, kwenye njia ya kubebea mizigo, na kikapu cha magunzi ya mahindi.

"Piga," akasema, akanirushia gunzi.

Nikapeleka rungu nyuma. Mwiba uliniingia juu ya kiwiko, ukavunjikia humo. Nilipiga ukelele uliosikika korona.

"Jirani kakusalimu," mtani akasema. "Piga."

Sitaki kueleza damu iliyonitoka siku ile. Gunzi la kumi, la ishirini, kila ninapojisahau miba inanikumbusha. Rungu lenyewe lilikuwa refu mno mahali pale, ikabidi nilishike juu kidogo ya kitako, kwa upana wa kiganja. Hapo hapo likawa jepesi. Nikashangaa, maana mti ni uleule. Kiwiko kikajifunza kukaa karibu na mbavu. Lakini bado nilikuwa mzito, nikawa nasukuma gunzi kama mtu anayefukuza nzi.

"Unabana nini?" mtani akauliza. "Kisu unakibana hivyo? Ukikibana asubuhi, ukifika mizigo kumi mkono umekufa. Kishike kama unavyomshika kifaranga. Kubana ni pale kinapofika kwenye jani, basi. Tena usianze na mikono. Nyonga kwanza. Mikono inachukuliwa, haiendi yenyewe."

Nikafanya kama nakata. Nikasahau rungu, nikasahau gunzi, nikawaza shingo ya jani tu. *Ko!* Gunzi likapita juu ya kichwa chake, likavunjika vipande viwili hewani.

Mtani hakunisifu. Alisema, "Lete jogoo leo."

Siku ya nne nikagundua kitu kilichonichanganya. Nilidhani ufupi maana yake ni kujikunja mwanzo mpaka mwisho. Kumbe mtani alipopiga, baada ya rungu kuugusa mpira mikono yake ilifunguka yote, mirefu, ikaufuata mpira kama inauaga. Ufupi ni wa kwenda. Ukishafika, jinyooshe unavyotaka. Na katikati ya mkonge hilo halikatazwi, kwa sababu mbele yako ni njia, haina miba.

Nikazidi kuuliza kwa nini. Hapo ndipo mke wangu alipoanza kuwa na wasiwasi nami. Nilichukua kamba ya katani, nikaifunga gunzi mwishoni, nikakaa mlangoni nikilizungusha. Kamba ikiwa ndefu, gunzi linakwenda polepole, kwa madaha. Nikaiacha kamba ijikunje kwenye kidole. Kadiri ilivyofupika, gunzi likazidi kukimbia, mpaka mwisho likanigonga kidole kwa hasira. Nikarudia. Nikarudia tena.

"Bwana," mke wangu akasema kutoka ndani, "jogoo umetoa, sasa unacheza na magunzi. Nimtume mtu kwa baba yangu Mabwerebwere?"

"Njoo uone. Nguvu ya kidole ni ileile. Kamba ikifupika, mbio zinaongezeka. Kwa nini?"

Alikuja, akatazama. Akaichukua kamba, akalizungusha mwenyewe mara tatu nne, na uso wake ukabadilika.

"Kwa nini?" akaniuliza yeye sasa.

"Sijui."

"Kamuulize Mzungu wako."

Sikumuuliza. Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho.

Jumapili ya Kilosa ikafika. Tulikwenda kwenye tela la trekta, tukiimba, rungu tumeliweka katikati kama maiti wa heshima. Uwanja ulikuwa karibu na reli. Watu wa stesheni walikuwa wamevaa viatu, sisi wachache. Mrushaji wao alikuwa mtia moto wa gari moshi, mtu ambaye kazi yake ni kutupa kuni kwenye tanuri kutwa nzima. Bega lake moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. Mpira wake ulikuwa unavuma.

"Manamba!" walipiga kelele. "Rudini kwenye miba, mpira huu hauna majani!"

Zamu zake mbili za kwanza mtani wangu alipiga, zote mbili akazunguka. Wengine wengi walikosa. Ilipofika zamu yangu ya mwisho tulikuwa nyuma kwa moja, na wenzetu wawili wamesimama kwenye magunia wakingoja mtu wa kuwaleta nyumbani, pale tunapoanzia. Mmoja wao ni mtani. Fundi alikuwa amekaa kwenye sanduku la spana, ananitazama. Mke wangu alikuwa ng'ambo na ndugu zake wa Mabwerebwere. Nilimwona, nikatamani nisingemwona.

Mpira wa kwanza, nitasema nini? Niliwaona wale watu na viatu vyao, nikataka kuwanyamazisha wote kwa pigo moja. Rungu likarudi nyuma mpaka mgongoni. Nikapasua kuni.

"Mtani!" yule wangu akapaza sauti kutoka kwenye gunia. "Mke wangu anashukuru, kuni zinatosha!"

Uwanja mzima ukacheka. Hata mtia moto alicheka. Mpira wa pili niliukwaruza tu, ukaenda kando, ukahesabiwa kosa. Umebaki mmoja. Nikapandisha mikono kwa upana wa kiganja. Kiwiko kiliniuma pale mwiba ulipovunjikia, na maumivu yale yakanifaa. Nikaona mkonge nyuma yangu. Kweli kabisa, niliuona mstari mzima, ncha zake nyeusi zimenielekea mgongoni. Nikalegeza vidole.

Mtia moto akarusha. Nikangoja. Nilingoja mpaka nikauona uzi mwekundu wa mshono unavyozunguka, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Nikakata jani.

Sikusikia uzito wowote mikononi. Mpira ulipita juu ya kichwa cha mtia moto, ukadunda, ukavuka reli. Haukwenda mbali kama mipira ya mtani. Ulikwenda ulikotakiwa.

Nami nikafanya kosa ambalo nachekwa nalo mpaka leo. Nilisimama. Nilisimama palepale nikiutazama mpira, nikijiuliza imekuwaje nguvu kidogo namna ile imezaa mbio namna ile.

"Kimbia, punguani!" mtani alipiga kelele akinipita anarudi nyumbani. "Kimbia!"

Nikakimbia. Wenzangu wawili walishafika, tukashinda kwa moja. Mimi niliguswa na mpira kabla sijafika gunia la pili.

Jioni, kabla hatujapanda tela, fundi alimwita mtani kwanza. Sifichi hilo. Mtani ndiye aliyekuwa mpigaji bora, na kila mtu alijua. Nilisimama pembeni nikisikiliza.

"Wewe, njoo karakana kesho," fundi akamwambia.

"Hapana, bwana," mtani akasema.

"Hapana?"

"Mimi saa nne asubuhi nimeshamaliza ngwe, nakwenda kwenye mpunga wangu. Karakana yako wanatoka jua likizama. Mpunga wangu utapaliliwa na nani, na wewe?" Akaninyooshea kidole. "Mchukue huyu. Jogoo wake nimeshamla, nitamrudishia nini tena?"

Ndipo nilipojua kwa nini alinifundisha bila wivu. Hakuwa anakitaka nilichokuwa nakililia.

Fundi akanigeukia. "Wewe leo simama kama mti. Kwa nini?"

"Nilikuwa nafikiri, bwana."

"Fikiri nini?"

Kiburi kikanitoka hapo hapo. Nikatoa mfukoni kamba yangu ya katani yenye gunzi, nikalizungusha mbele ya timu mbili na trekta. Nikaiacha ijikunje. "Nguvu moja," nikamwambia. "Kamba fupi, mbio nyingi. Mkono fupi, rungu mbio nyingi. Kwa nini, bwana?"

Alilishika gunzi, akalipima mkononi. Kisha akasema, "Kesho saa kumi na mbili. Kisu wacha nyumbani."

Asubuhi hiyo alinipeleka nyuma ya injini, akanionyesha mkanda mmoja uliofunga magurudumu mawili, moja kubwa linalozunguka polepole, jingine dogo huwezi hata kulihesabia mizunguko. Akaniachia nilitazame. Nilikaa pale mpaka kengele ya chai. Halikuwa jibu lote la swali langu, nilikuja kujua baadaye, lakini lilikuwa la kuanzia.

Nyumba ya bati tuliipata kabla ya masika. Mvua ya kwanza ilianguka mchana, nikatoka karakana kwenda kuona kama haivuji. Nikamkuta mke wangu amekaa katikati ya chumba, ameziba masikio.

"Lina kelele hili!" akapiga ukelele. "Makuti yalikuwa kimya!"

Nikamwambia jirani akikohoa sasa hatamsikia. Akafikiri kidogo, akaondoa mikono masikioni.